Kinundu Ulimini

Kiswahili chetu kina maneno yenye kazi nyingi kuliko mshahara. Chukua neno mshipa. Kinachopitisha damu ni mshipa. Kinachokupa habari kwamba umekanyaga msumari ni mshipa pia, eti wa fahamu. Mtu akikasirika mishipa ya shingo humtoka, na mzee wa mtaani akitembea kwa tabu kwa sababu ya busha, watu watanong'onezana kwamba ana mshipa. Kwa hiyo usishangae, ndugu msomaji, nikikwambia kwamba siku nilipomweleza mama yangu kuwa huenda nina uvimbe wa mshipa ndani ya ulimi, alinitazama kuanzia utosini mpaka kwenye kandambili, halafu akauliza kwa sauti ya chini, "Sasa baba, huo mshipa umepandaje mpaka huko juu?"

Nilicheka, naye akacheka. Lakini swali lake lilikaa nami, kwa sababu hata mimi sikuwa na jina la kitu kilichokuwa kinywani mwangu.

Niseme kwanza mimi ni nani. Nilimaliza kidato cha nne mwaka 2018, matokeo hayakunipeleka popote, na mwaka 2020 nikaingia kwenye daladala, kwanza kama deiwaka, baadaye konda wa kudumu wa Coaster inayokwenda Rangi Tatu na Makumbusho. Mchana natafuta hesabu ya tajiri. Usiku naandika riwaya kwenye kaunta buku, na sasa niko kwenye kaunta buku la tatu. Jumapili nawasomea washikaji wa kijiwe cha bodaboda sura niliyoandika wiki hiyo, kwa sauti, wakizomea wazomee, wakicheka wacheke. Utaona basi kwamba maisha yangu yote mawili, ya kupata ugali na ya ndoto, yako juu ya kipande kimoja cha nyama.

Novemba 2022 nilianza kuhisi ulimi unagusana na meno ya kulia kuliko kawaida. Nikapapasa kwa kidole. Kulikuwa na kitu kigumu kidogo ubavuni, chini ya ngozi, kama punje ya choroko. Hakikuuma. Hakikutoa damu wala hakikubadilisha rangi, na nilipotoa ulimi mbele ya kioo cha gari niliona ulimi tu, kama wa mtu mwingine yeyote. Kufika Februari punje ya choroko ilikuwa punje ya haragwe. Kwenye zahanati moja niliambiwa jino linanikwaruza, nikapewa vidonge na dawa ya kusukutua. Vikaisha, nikarudi, nikapewa vingine vya rangi tofauti. Haragwe halikuwa na habari na vidonge.

Kilichonishtua hasa kilikuwa jina la kituo. Makumbusho ni neno la midomo zaidi, hata mtu mwenye chakula mdomoni analitamka. Lakini Rangi Tatu inataka ulimi ufanye kazi: r ipige mtetemo, t mbili zigonge kwa zamu. Mwezi Aprili abiria wakaanza kunicheka. Nilikuwa nasimama mlangoni naita, na kinachotoka ni kama mtu anayeita huku ananyonya kokwa la embe. Mama mmoja mwenye ndoo ya samaki akaniuliza, "We konda, umelewa asubuhi yote hii?" Suka wangu, mtu mwema lakini mdomo wake hauna breki, akasema hiyo ni kansa, mjomba wake ilianza hivyohivyo.

Tangu siku hiyo sikulala vizuri. Kansa ni neno ambalo likishaingia chumbani halitoki, linakaa kitandani na wewe linasogea.

Nyumbani kila mtu alikuwa na lake. Bibi, aliyekuja kutoka Kilwa kutibiwa macho, aliona wazi kwamba nimefungwa ulimi. Makonda hutukana watu, alisema, na si kila anayetukanwa hushuka kituoni akasahau. Alinitajia kwa utaratibu aina za abiria wa kuogopwa, na nakiri orodha ile ilikuwa nzuri mno, nimeiweka kwenye sura ya nane. Jirani yetu akasema hicho ni kimeo, anamfahamu fundi anayekata kwa dakika tano, bei poa. Hapo mama ndipo aliposimama. Kimeo, alisema, kiko kule nyuma kooni, hakiko ubavuni mwa ulimi, na mtoto wa shoga yake alikatwa hichohicho kimeo akatoka damu usiku kucha. "Hakuna mtu atakayemwekea wembe mwanangu kabla hajaniambia anakata nini." Mama yangu aliishia darasa la saba. Baadaye niligundua kwamba alichosema ndicho madaktari wanachosema, ila wao husema kwa Kiingereza.

Nikapata rufaa. Hospitali sitaitaja, nyote mnajua foleni zinavyofanana. Daktari wa kinywa alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, mwenye miwani aliyoipandisha kichwani muda wote. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akavaa glovu na kuushika ulimi wangu kwa kitambaa kama muuza samaki anavyoshika changu. Akabinya kinundu kwa kidole gumba na cha shahada, polepole, akikisukuma huku na huku. Kikasogea. Akasema vizuri, kinachosogea chini ya ngozi nzima isiyo na kidonda ni dalili ya kutia moyo, ingawa si hukumu. Akanipapasa shingo kutafuta tezi. Kisha akaniambia nitoe ulimi nje, niupeleke kushoto, kulia, juu. Akanifumba macho na kunigusa kwa pamba hapa na pale nimwambie ni wapi.

Nilimuuliza anatafuta nini. Hapo akanifundisha jambo ambalo mwalimu wangu wa bailojia hakuwahi kulifikia. Ulimi, kumbe, hauna neva moja. Neva ya kumi na mbili ya kichwani ndiyo inayousukuma: huyo ndiye dereva. Kuguswa, joto na maumivu ya theluthi mbili za mbele huletwa na tawi la neva ya tano. Ladha ya eneo hilohilo ni kazi ya neva ya saba, lakini uzi wake mwembamba hupita ndani ya sikio, kisha hudandia lile tawi la neva ya tano na kusafiri nalo mpaka ulimini. Nilifurahi sana kusikia kuna anayedandia. Nyuma kabisa, karibu na koo, kuhisi na kuonja vyote ni vya neva ya tisa. Kinundu kama changu kinaweza kutoka kwenye waya wowote kati ya hizo, na mara nyingi hata baada ya kukitoa haijulikani kilikuwa cha upi.

Lakini bado hatujajua kama ni cha neva, akaonya. Huenda ni mafuta. Huenda ni kitezi cha mate, au fundo la mishipa ya damu, au saratani. Kwa macho na vidole, alisema, vyote hivi vinaweza kufanana. Alichoma sindano nyembamba akavuta seli. Baada ya wiki moja jibu likaja kwamba seli hazitoshi kusema kitu, jambo ambalo kwa uvimbe wa namna ile ni la kawaida. Akaniandikia kipimo cha MRI. Bei yake ilikuwa kazi yangu ya wiki sita bila kula. Kijiwe kikachanga, mama akatoa pesa ya kikoba chake, suka akatoa pia, kimyakimya, nadhani kwa sababu ya lile neno lake.

Picha ilionyesha kitu cha mviringo chenye mipaka safi, sentimita 2 na ushee, kinachong'aa katika namna moja ya picha na kufifia katika nyingine. Daktari akasema sasa anafikiria zaidi neva. Halafu akaniambia nivue shati.

Hili sikulitegemea. Akanikagua mgongo, tumbo, mpaka kwapani, akihesabu. Alikuwa anatafuta mabaka ya rangi ya chai ya maziwa, maana mtu mzima akiwa nayo sita au zaidi, makubwa ya kutosha, hiyo ni alama mojawapo ya ugonjwa wa kurithi unaoitwa nyurofibromatosisi, ambao Mjerumani Friedrich von Recklinghausen aliuandika mwaka 1882. Akaniuliza kama kuna ndugu mwenye vinundu vingi mwilini. Ndugu sina. Ila nilimkumbuka mzee mmoja aliyekuwa akiuza karanga karibu na shule yetu ya msingi, amejaa vinundu laini usoni na mikononi kama mtu aliyeotwa na uyoga. Tulimkimbia. Wengine walisema ukila karanga zake nawe utaota. Ndugu zangu, ugonjwa ule hauambukizi hata chembe. Mtu huzaliwa nao, na karibu nusu ya walio nao hawana hata mzazi aliyekuwa nao. Yule mzee kashafariki. Karanga zake zilikuwa nzuri, nilizila mara moja kwa kuibia.

Mimi nilikuwa na baka moja tu. Nikavaa shati.

Sasa ikaja fomu ya kukubali kukatwa. Ilikuwa ya Kiingereza. Kiingereza cha kidato cha nne kinatosha kusoma gazeti, hakitoshi kutia saini juu ya ulimi wako. Niliisoma mara tatu, nikaona maneno kama mawe. Nikamwambia daktari, kwa heshima zote, naomba unisomee kwa Kiswahili, na kama neno halipo tulitafute. Nilidhani atakasirika, kwa sababu nje benchi lilikuwa limejaa. Akavuta kiti.

Akaeleza kwamba neva si uzi mtupu. Imevikwa seli zinazoizunguka na kuilinda, na seli hizo ndizo huweza kuzidi na kuwa uvimbe. "Zimeivika, zimeifunika, sijui niseme gamba?" Nikasema gamba ni la samaki. Akasema gome. Nikasema gome ni la mti. Tukakaa. Kisha nikakumbuka jambia la babu lililoning'inia ukutani Kilwa, na neno likaja lenyewe: ala. Ala ya kisu. Kisu kimekaa ndani, ala imekivaa. Daktari akapiga meza. "Basi! Uvimbe wa ala ya neva." Nikaliandika kwenye kaunta buku, nikalipigia mstari. Unaweza kuona ni mchezo, lakini kuanzia dakika ile nilijua watakata nini. Ndiyo sharti la mama.

Kwa kutumia neno hilo tukaendelea vizuri. Uvimbe wa ala, alisema, uko hasa wa namna mbili. Ule uitwao swanoma hukua ubavuni mwa neva, ukiwa na mfuko wake, ukiisukuma neva pembeni. Daktari mwangalifu anaweza kuutoa mzima na kuiacha neva. Ule uitwao nyurofibroma mara nyingi hauna mfuko, nyuzi za neva hupita katikati yake, na kuutenga ni kama kuokota mchanga kwenye mchele. Yote miwili si saratani, na swanoma kugeuka saratani ni nadra sana. Akanipa na upande wa pili bila kuficha: anaweza kuuacha na kuuangalia tu, kwani hukua polepole, lakini ungeendelea kunibana maneno, na bila kuutoa hatuna uhakika wa jina. Akiukata, huenda upande huo ukafa ganzi, kwa muda au moja kwa moja. Huenda ladha ikapungua. Huenda, ingawa hatarajii, ulimi ukawa mzito.

Siku mbili sikumjibu. Nilikuwa nakaa kwenye siti ya nyuma ya Coaster iliyoegeshwa, nasema maneno. Ndururu. Taratibu. Litania. Mtoto wa watu anajisemea peke yake, walinzi wa gereji wakadhani nimechanganyikiwa. Nilikuwa napima ni herufi ngapi naweza kuzipoteza nikabaki mtu yuleyule. Mtu anayeandika anaweza kuandika akiwa bubu, hilo nalijua. Lakini mimi sentensi zangu huzaliwa mdomoni kwanza, karatasi huja baadaye, na sikujua kama ukiondoa mdomo kutabaki mwandishi. Siku ya tatu nikatia saini.

Operesheni ilikuwa Agosti 2023. Kulikuwa na nusu kaputi, na mpira wa kupumulia waliupitisha puani ili kinywa kibaki wazi kwa kazi. Wanavyonieleza, walipitisha uzi kwenye ncha ya ulimi wakauvuta nje, wakachana ngozi juu ya kinundu, kisha wakaacha kisu na kutenganisha polepole kwa mkasi butu. Kikatoka kizima na mfuko wake, kama karanga inayotoka gandani. Wakashona kwa nyuzi zinazoyeyuka zenyewe. Nilikionyeshwa kesho yake kikiwa kwenye kichupa cha fomalini: cheupe cha kuelekea njano, laini, hakina ubaya wowote wa sura. Hiki ndicho kilichonigombanisha na abiria wa Mbagala nzima.

Siku tano sikusema. Ulimi ulivimba ukajaa kinywa, nikaishi kwa uji baridi na maziwa kwa mrija. Kila nilichotaka niliandika. Tatizo bibi hajui kusoma, kwa hiyo yeye nilimchorea: kikombe, mlango, jua. Akasema hata mwandishi mwenyewe anahitaji mganga wa kuchora, kwa sababu jua langu lilikuwa kama mkate wa kumimina. Jumapili washikaji walikuja nyumbani na mmoja wao akajitolea kunisomea sura yangu mpya kwa niaba yangu. Bwana eeh! Jamaa alisoma kwa sauti ya mtangazaji wa mpira, alipochoka na sentensi aliikatisha, palipokuwa na mvua akaweka jua, na konda wangu wa riwayani akampa matusi ambayo mimi sikuyaandika. Nikawa napunga mikono kama mtu anayezama. Watu walicheka kuliko walivyowahi kucheka nikisoma mimi. Matusi mawili nimeyaacha.

Lakini chini ya vicheko vyote hivyo kulikuwa na bahasha isiyofika. Kinundu kilikuwa kimepelekwa maabara, na mpaka wasome, kila nilichoambiwa kilikuwa makisio ya watu wenye akili. Zilipita wiki tatu. Mama akaanza kufunga Jumatatu na Alhamisi bila kusema kwa nini. Suka aliacha kabisa kutaja mjomba wake.

Jibu likasema swanoma. Daktari alinisomea, safari hii bila kuombwa, kwa Kiswahili. Chini ya hadubini waliona sehemu mbili: moja seli zimebanana kwa mpangilio, nyingine zimelegea na kutawanyika, kama alivyozigawa Msweden Nils Antoni mwaka 1920. Na katika ile iliyobanana, viini vya seli vilijipanga safu mbili zinazotazamana, katikati pamebaki wazi. Safu hizo huitwa kwa jina la José Verocay, mzaliwa wa Uruguay aliyekuwa akifanya kazi Prague, aliyeueleza uvimbe huu mwaka 1910. Daktari akanichorea. Nikatazama: abiria kushoto, abiria kulia, njia ya katikati tupu. Coaster asubuhi kabla haijajaa! Wakapaka pia rangi maalumu ya kusaka protini iitwayo S-100, ambayo seli hizo za ala huwa nayo, ikakubali. Swanoma si lazima ikae ulimini, akaniambia; robo hadi karibu nusu yake hutokea kichwani na shingoni, lakini za kinywani ni kama 1 katika 100 tu, na kati ya hizo chache ulimi ndio mahali inapopendelea zaidi. Jina lenyewe limetoka kwa Theodor Schwann, Mjerumani aliyeziandika seli hizo mwaka 1839, akiwa hajafika miaka 30.

Nilitoka nikampigia mama. Nikamwambia si kansa. Alinyamaza muda mrefu mpaka nikadhani vocha imekwisha. Kisha akauliza, "Kwa hiyo ni ile ala?" Nikasema ndiyo mama, ni ala. "Haya, njoo ule."

Nimerudi barabarani. Wiki za kwanza t zangu zilikuwa na maji, mazoezi ya kuita vituo yakazikausha. Uvimbe wa namna hii ukitolewa mzima ni nadra kurudi, lakini bado naenda kukaguliwa. Ubavuni, pale palipochanwa, pamebaki sehemu ya ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo isiyosikia kitu. Chai ya moto haiijui, pilipili ya mihogo inaipita. Nikiwa kwenye foleni ya Tazara, gari haliendi wala harudi mtu, huwa naigusa na meno. Daktari anasema ganzi ya muda huu huenda ikaisha, huenda ikabaki. Riwaya imefika sura ya kumi na moja.